Kupiga Msasa Tu

Walianza kumwita Kigogo kabla hajawa kigogo wa kitu chochote. Jina lilitokana na tabia yake ya kuburura magogo. Maseremala wenzake walikwenda kwa wauza mbao wakachagua mbao zilizonyooka, zisizo na macho wala ufa. Yeye alizunguka nyuma ya uwanja, kule kulikotupwa yaliyopinda, yenye matawi mawili, visiki na mizizi iliyoushinda msumeno, akarudi na pande moja juu ya mkokoteni, jasho linamtiririka, uso umejaa furaha. Wauza mbao walilalamika kwamba anawamalizia kuni. Wengine walisema huyu bwana amevaa miwani, na kwa kuwa pombe haigusi, basi miwani yenyewe itakuwa ya mbao.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati lililobanwa katikati ya mchomelea vyuma na muuza magodoro. Upande mmoja cheche, upande mwingine sponji, na yeye katikati na vumbi lake jekundu la mninga. Muuza magodoro alifunga bidhaa zake zote kwa nailoni kwa sababu ya vumbi lile, na bado wateja wake walipiga chafya kabla hawajauliza bei. Waligombana kila wiki na kunywa chai pamoja kila siku.

Kigogo hakupigilia viti misumari. Alilaza gogo sakafuni, akalizunguka siku nyingi bila kuligusa na chuma. Alilipapasa, akaligeuza, akalisimamisha kichwa chini. Alitaka kujua mti ule ulikuwa unaelekea wapi ulipokuwa hai. Akishajua, alichukua tezo akaanza kuondoa kisichotakiwa. Mguu wa kiti ulifuata mzizi, mgongo ukafuata tawi, na nyuzi za mti zikabaki zinapita juu ya kiti kizima bila kukatwa. Vilikuwa vitu vya kutazamwa. Tatizo ni kwamba, mwanzoni, vilikuwa vya kutazamwa zaidi kuliko kukaliwa.

Hapo ndipo anapoingia dada yake.

Alikuwa mkubwa wake kwa tofauti ya kutosha kumbeba mgongoni. Mama yao alipofariki ndiye aliyemwogesha, akamlisha na kumchapa alipostahili. Baadaye aliolewa, akapata binti mmoja, akafiwa na mume. Nyumba ikampwaya. Mdogo wake akamwambia ahamie kwake na binti yake, vyumba vipo, na wifi yake alimpokea kwa mikono miwili kwa sababu walikuwa wanapatana tangu siku ya posa. Mtaa mzima ulimwita Dada, hata watu waliomzidi umri.

Dada hakuzoea kukaa bure. Alianza kwa kumletea mdogo wake chakula cha mchana. Kisha akawa anabaki kufagia maranda. Siku moja, akisubiri sahani, akaokota kipande cha msasa akaanza kusugua mkono wa kiti uliokuwa karibu naye, huku anabishana na muuza magodoro kuhusu habari za redio. Macho yalikuwa barabarani, mdomo ulikuwa kwenye ubishi, lakini kiganja kilikuwa kwenye mti. Kikasimama.

Akamwambia mdogo wake kwamba pale panakataa. Kigogo akatazama, hakuona kitu. Akainama, akafumba jicho moja, bado hakuona. Dada akamshika kidole akakiweka mahali penyewe. Kulikuwa na kijituta kidogo kuliko punje ya mtama. Alipokiondoa, mkono ule wa kiti ukabadilika, kama mtu aliyekunja uso akaukunjua.

Tangu siku hiyo Dada hakutoka tena karakana. Kwanza ilikuwa msasa, kisha nta, kisha maneno. Ukweli ni kwamba Kigogo aliuona mti, na Dada alimwona mtu atakayekaa. Alimuuliza mdogo wake maswali ambayo hayakuwahi kumpitia kichwani: mtu mnene atainukaje hapa? Mama anayenyonyesha ataweka wapi kiwiko? Kila kiti kilipofika nusu, alikikalia yeye mwenyewe. Alijitia tumbo la matambara chini ya gauni akakaa kama mjamzito aliyekaribia siku zake. Alikunja goti akashuka akiguna kama mzee mwenye baridi yabisi, mpaka mchomelea vyuma akazima mashine yake aje kutazama. Watu walicheka, lakini Dada akiinuka hapo alikuwa na jambo la kusema. Punguza huku. Teremsha hapa. Huku usiguse kabisa.

Kigogo alikuwa anabisha, kisha anakata alipoambiwa. Ikawa hivyo miaka mingi. Binti wa Dada alikua, akasoma, akaolewa mji mwingine. Viti vilianza kwenda mbali na mtaa ule.

Kisha likaja gogo la mninga.

Mti wenyewe ulikuwa umeangushwa kupisha barabara. Ulikuwa mpana, umepinda mgongo, na chini kabisa ulikuwa na tawi fupi nene lililotoka ubavuni kwa hasira, likapinda kuelekea mbele. Kigogo aliona benchi refu, mstari mmoja mtulivu kutoka mwisho hadi mwisho. Tawi lile lilimwudhi. Alichukua msumeno.

Dada akasema tawi lisikatwe. Kigogo akasema linaharibu mstari. Waligombana kwa namna ya ndugu, bila matusi na bila huruma. Nyumbani walikula wakitazama sahani, na mke wa Kigogo akawa anapitisha chumvi katikati yao kama mjumbe wa amani. Siku ya tatu au ya nne Dada akamshika mdogo wake mkono kama zamani alipokuwa akimpeleka kuoga, akamkalisha juu ya gogo, akauchukua mkono wake wa kulia akauweka juu ya tawi.

"Mtu akichoka haangalii uzuri," alimwambia. "Anatafuta pa kuweka mkono."

Kigogo alikaa pale. Mkono wake ulikuwa umetua kwenye tawi kama uliokuwa ukilisubiri. Akaweka msumeno chini.

Benchi lile ndilo lililompa jina. Lilichukua miezi kukauka, miezi kuchongwa, na Dada alilisugua mpaka ngozi za viganja vyake zikawa nyembamba. Lilipomalizika wakaalikwa kulipeleka kwenye maonyesho ya kazi za mikono, katika ukumbi mkubwa wenye taa nyingi na vipaza sauti. Dada alivaa gauni lake zuri. Kigogo aliazima koti kwa muuza magodoro, na mikono ya koti ikamfika nusu ya viganja.

Watu walifanya jambo moja siku ile. Kila aliyekaa kwenye benchi aliweka mkono wake juu ya tawi bila kuambiwa. Kigogo alisimama pembeni akiwatazama, kifua kimejaa. Mchana akaja bwana mmoja aliyekuwa anatafuta samani za jengo jipya kubwa la mjini, na nyuma yake mwandishi wa habari, mwanamke mwenye kinasa sauti. Kundi likawazunguka. Mwandishi akamuuliza Kigogo wazo la kuliacha lile tawi alilipata wapi.

"Mti wenyewe huniambia," alijibu.

Watu wakacheka kwa kufurahi, wengine wakapiga makofi. Kigogo hakuwahi kupigiwa makofi maishani mwake. Mwandishi akamwona Dada, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya benchi na kitambaa cha nta, anafuta alama za vidole vya watu. Akauliza, na huyu mama?

"Huyu ni dada yangu," Kigogo alisema. "Ananisaidia kupiga msasa tu."

Mkono wa Dada ulisimama. Kisha ukaendelea kufuta.

Kigogo aliuona. Hilo hakuweza kulikana baadaye, hata alipojaribu. Aliuona mkono ukisimama, akaelewa kwa nini umesimama, na alikuwa na nafasi ya kusema neno. Mwandishi alikuwa bado yuko pale, kinasa sauti kimewaka. Ingetosha kusema hapana, subiri, tawi lile ni lake. Lakini bwana wa jengo alikuwa amekwisha kumshika bega anamuuliza kama anaweza kutengeneza mengine, na Kigogo akajisemea kwamba atasahihisha baadaye. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba akishavuta, ngozi huwa ngumu kuirudisha.

Jioni ile nyumbani Dada alikula vizuri. Alisimulia viatu vya mgeni mmoja aliyetembea kama anakanyaga mayai, wifi yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kigogo akashusha pumzi. Akadhani limepita.

Habari ilitoka gazetini siku chache baadaye. Muuza magodoro alilileta mwenyewe, akasimama mlangoni pa karakana akaisoma kwa sauti ili hata mchomelea vyuma asikie. Alisoma juu ya fundi anayeongea na miti, akasoma juu ya tawi, akafika mahali palipoandikwa kwamba dada yake humsaidia kupiga msasa. Sauti ikakatika. Yeye alikuwa amemwona Dada na tumbo lake la matambara, alijua. Akakohoa, akaanza kuisifu picha. Alisema koti limetoka vizuri. Dada alikuwa anafagia, akaendelea kufagia.

Wiki ile Kigogo alianza kiti kipya. Alipofika penye kona ngumu alifanya kama alivyozoea miaka yote, akamwita dada yake, akamuuliza anapaonaje.

"Wewe ndiye fundi, mdogo wangu," Dada alisema. "Mimi napiga msasa tu."

Hakusema kwa hasira. Hata uso haukubadilika. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake kazi yake, kisha akasubiri apewe cha kusugua. Na tangu hapo alifanya hivyo hivyo, wala si zaidi. Alichopewa alikisugua, kikang'aa. Palipokataa alipita juu yake. Hakukalia kiti tena. Matambara yale yakawa matambara ya kupanguzia mafuta.

Kigogo alijaribu kumzunguka. Alikosea kwa makusudi ili Dada amkaripie, lakini Dada hakukaripia. Alimnunulia kitambaa kizuri cha gauni, akakipeleka nyumbani kimefungwa vizuri, Dada akashukuru kwa heshima na kukiweka sandukuni. Mke wa Kigogo aliyaona yote. Usiku huo walipobaki wawili alimuuliza mumewe kama ameshazungumza na wifi yake. Akasema amemnunulia kitambaa.

"Kitambaa kina mdomo?" mkewe akauliza.

Kigogo akajibu kwamba mambo ya ndugu hayaendi hivyo, na kwamba Dada amesahau. Mkewe akageukia ukutani.

Sasa akawa kigogo kweli. Kazi zilikuja kutoka kwa watu wa magari makubwa. Mabati ya karakana yalibadilishwa. Wapo waliotoka mbali kuja kumtazama tu anavyolizunguka gogo, na yeye akawa analizunguka muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Siku binti wa Dada alipojifungua mtoto wa kwanza, Dada akasema anakwenda kumsaidia. Kigogo alimbebea mfuko mpaka kituo cha basi. Njiani neno lilimpanda kooni mara mbili, na mara zote mbili wakakutana na mtu wa kusalimiana naye. Mwishoni alimuuliza tu atarudi lini. Dada akasema mtoto akianza kutembea.

Mtoto alianza kutembea, akaanza kukimbia, akavaa sare za shule. Dada hakurudi. Kila Kigogo alipouliza kwa simu, kulikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli.

Alinunua mashine ya umeme ya kupigia msasa. Ilipiga kelele kama nyuki elfu ndani ya debe, na mbao zikatoka laini sana, laini kama kioo, lakini ukiweka mkono unateleza, huna pa kutua. Hakujua kasoro iko wapi. Aliongeza nta, akapunguza nta. Siku moja mteja wake mmoja, mstaafu mpole, alikileta kiti karakana kwa gari la kukodi. Kigogo alidhani kimevunjika. Mzee yule akasema hakikuvunjika, wala hataki kurudishiwa chochote.

"Ni kizuri, fundi. Lakini kila nikikikalia najiona mgeni."

Kiti kikabaki pale kwenye kona. Muuza magodoro alikitumia kuwekea redio.

Hatimaye Kigogo akafunga safari kwenda kumwona dada yake. Alipiga moyo konde, akayapanga maneno tangu anaondoka, akayarudia njia nzima. Nyumba ya mpwa wake ilikuwa ya vyumba vitatu na uwanja mdogo wa saruji, kamba za nguo zimevuka juu. Dada alimpokea kwa furaha isiyo na doa. Alikuwa amenenepa kidogo. Mpwa akamwamkia mjomba wake, akamwambia apite nje kuna hewa, akamvutia kiti.

Kilikuwa kiti kifupi, cha mzizi. Mzizi wenyewe ulikuwa wa hovyo, aina ambayo hata yeye angeuacha, umeliwa na mchwa upande mmoja. Aliyekichonga hakuificha ile sehemu iliyoliwa. Aliifuata, akaifanya bonde la kupumzisha mkono. Kigogo akakaa. Mgongo wake uliingia mahali pake. Mkono wake ukatelemka wenyewe ukapata lile bonde. Alikuwa ametengeneza viti maisha yake yote, na hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti kinachomjua mtu namna ile. Mpwa akasema mama amevitengeneza kadhaa, majirani wanampelekea visiki, kisu aliazima kwa fundi viatu.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa yale maneno aliyoyarudia njia nzima. Badala yake, ulimi usio na mfupa ukasema kingine.

"Nani alikusaidia?"

Mpwa akainamisha kichwa. Dada akacheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtu aliyechekeshwa.

"Mti wenyewe uliniambia," akasema.

Mpwa hakuelewa. Kigogo alielewa. Chai ikaletwa, mkwe akarudi kutoka kazini, mtoto akaonyesha madaftari yake ya shule, jua likashuka. Kigogo akaondoka bila kusema.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe kila kitu, na mkewe akamwambia arudi kesho yake. Hakurudi kesho yake. Kulikuwa na kazi ya kumalizia, kisha mvua, kisha mguu ulimsumbua. Aibu ya kukosea ilikuwa ndogo. Aibu ya kuchelewa ndiyo iliyokuwa inakua, na kadiri ilivyokua ndivyo ilivyomchelewesha. Katika kipindi hicho alikwenda hata kwenye lile jengo kubwa lilipowekwa benchi, kuomba kibao kidogo cha shaba kilichopigiliwa ukutani kibadilishwe, kiwe na majina ya watu wawili. Msimamizi alimsikiliza kwa adabu. Akamwambia kwamba waliandika kama alivyosema mwenyewe, na kwamba waliomwajiri yeye hawangeelewa kwa nini fundi anakuja kujipunguza. Kigogo akakaa kidogo kwenye benchi, mlinzi akamwuliza anamsubiri nani, akaondoka.

Alirudi kwa dada yake siku mke wake alipomwambia kwamba hatamuuliza tena. Hilo ndilo lililomtisha, kutoulizwa. Safari hii hakupanga maneno. Alimkuta Dada anachambua mboga peke yake, akakaa chini kwenye saruji, si kwenye kiti.

"Dada, siku ile ukumbini."

Dada aliendelea kuchambua. Hakumuuliza siku ipi.

"Tawi lilikuwa lako. Si tawi peke yake. Nilikuona ulivyoacha kufuta, nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo."

Dada akaweka mboga pembeni, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Ile 'tu' uliiweka mwisho," alisema. "Ungeiweka mwanzo ingetosha. Ungesema tumetengeneza. Basi. Sikutaka hata nitajwe."

Kigogo alilia, mtu mzima mwenye mvi, na dada yake akamwacha alie kama alivyokuwa akimwacha utotoni, mpaka aishe mwenyewe. Kisha akamwambia kwamba alimsamehe zamani, kabla hata mjukuu wake hajaota meno. Kigogo akashangaa. Akauliza kwa nini basi hakurudi. Dada akasema kusamehe ni kitu kimoja na kurudi ni kingine. Alikwisha kuzoea kufanya kazi bila kuogopa nani atauliza.

Lakini Kigogo alikuwa na gogo. Alikuwa amelihifadhi nyuma ya karakana miaka mingi, mvule uliopinda kama mtu aliyelala ubavu, umekauka mpaka ukigongwa unalia. Alimwomba dada yake waje walitengeneze wawili. Kitu kimoja tu, chochote atakachotaka yeye, kisha hatamsumbua tena. Dada alifikiri, akatabasamu. Alisema kitakuwa kitanda cha mtoto, kwa kuwa hawajawahi kutengeneza kitanda cha mtoto.

Alikuja baada ya mavuno ya mboga zake. Mpwa alikuwa amemtahadharisha mjomba wake kwamba mama ana sukari siku hizi, anaangusha vikombe, asimchoshe. Kigogo alisikia habari ya sukari akamwambia mkewe apunguze vitamu nyumbani. Habari ya vikombe hakuitilia maanani.

Muuza magodoro alifunga duka mapema kuja kumsalimu. Mchomelea vyuma alizima mashine. Dada aliwatania wote, akauliza nani aliyekifanya kiti cha watu kuwa meza ya redio, kisha akavua viatu akaingia karakana. Gogo lilikuwa limelazwa sakafuni, limefagiliwa pande zote. Akakaa karibu nalo, akafumba macho, akaweka kiganja.

Alikipitisha kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akarudia. Akabadilisha mkono, akapitisha wa kushoto polepole sana, kisha akaleta shavu akalilaza juu ya mti. Alipofumbua macho aliitazama mikono yake, ndani na nje.

"Sisikii kitu," alisema.

Kigogo akapiga magoti. Akauchukua mkono wa dada yake akauweka penye kifundo kikubwa cha mti, mahali ambapo hata kipofu wa mikono angepajua, akamwuliza hapa je. Dada akatikisa kichwa. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, alisema, miezi sasa. Alidhani ganzi ni ya kazi za nyumbani tu, kwenye vikombe na sindano, alidhani mti atausikia.

Walijaribu kwa macho. Siku mbili Dada alikaa kwenye kigoda akamweleza mtoto atakavyogeuka usingizini, mama atakavyoinama, wapi ataweka kiwiko akiwa amechoka. Kigogo alichora kwa chaki. Lakini alipomuuliza akate hapa au pale, Dada alitazama mistari yote miwili akasema hajui. Hakuwa amewahi kujua kwa macho. Siku ya tatu alisema miguu imevimba, angependa kurudi kwa mwanawe. Kigogo alimsindikiza, na njia nzima walizungumza habari za dawa na za mjukuu anayependa mpira kuliko vitabu.

Lile gogo la mvule alilipasua mbao. Zikawa fremu za milango, nzuri, zilizonyooka. Aliuza ile mashine ya kelele. Siku hizi anatengeneza milango na madirisha, watu wanasema ni fundi mwaminifu, hana maneno mengi.

Kwa dada yake huenda mara kwa mara, akiwa na mfuko wa zana, kwa sababu nyumba ya mpwa haikosi cha kurekebisha. Mara ya mwisho alikuta mlango wa chumba cha Dada umevimba kwa unyevu, unaburura sakafuni, na yeye mwenyewe hana nguvu ya kuusukuma. Kigogo aliung'oa kwenye bawaba, akaulaza uwanjani, akaupunguza kwa randa, kidogo kidogo, akiujaribu na kuutoa tena, mpaka ukafunga bila sauti. Dada alikuwa amelala, dawa zinamlaza. Kigogo alifagia maranda, akakaa kumsubiri aamke ili amuage. Mpwa akatoka jikoni akamwambia, mjomba, ukimsubiri utachelewa basi la mwisho, mimi nitamwambia ulikuja.

Akachukua mfuko wake, akasimama kidogo mbele ya ule mlango uliofungwa, akaenda.